Safu ya mchumaji

Katika vituo vya kununulia majani chai vinavyopeleka mazao kiwanda cha Itumbe, kaunti ya Kisii, foleni ya alasiri huwa ya kina mama na binti zao. Mfuko unatundikwa kwenye ndoano ya mizani ya elektroniki, karani anaingiza namba ya mkulima, tarakimu zinatulia, kisha inatoka karatasi nyembamba yenye kilo za siku hiyo. Binti anayeikunja risiti na kuipeleka nyumbani amekua na kompyuta tangu utotoni. Bahati mbaya ni kwamba wengi kama yeye hawajawahi kuambiwa kuwa ile ni kompyuta, wala kwamba kuna mtu aliyeketi akaamua inavyopaswa kufanya kazi.

Maamuzi hayo ndiyo tunayoyaita programu, yaani maagizo yaliyopangwa kwa mfuatano ambao mashine haitauruka. Ya mizani ya chai yanaweza kuenea nyuma ya daftari la hesabu. Pokea namba ya mkulima. Namba isipoonekana kwenye orodha, kataa. Soma uzito, toa uzito wa mfuko, jumlisha na kilo za mwezi, chapa risiti. Tuseme mizani imesoma kilo 14.5 na mfuko umekadiriwa nusu kilo: zinazoingia ni kilo 14. Mwanafunzi anayejua kutoa na kujumlisha ameshaelewa sehemu kubwa. Kilichobaki, na ndicho kigumu, ni kuwaza yanayoweza kwenda mrama. Karani akibonyeza tarakimu moja kimakosa, kilo zitamwendea nani? Mfuko mmoja ukipimwa mara mbili, mashine itajuaje?

Nyuma ya mizani kuna jedwali, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Kila mkulima ana mstari wake, na mstari una safu: namba, jina, kitambulisho, akaunti ya kulipia. Safu ya jina ni moja. Katika eneo hili la Gusii, kama kwingi nchini, shamba mara nyingi limeandikishwa kwa jina la mume au baba mkwe, kwa hiyo jina linaloingia ni lake, na malipo ya mwezi pamoja na bonasi huelekea kwake. Mama aliyeamka na umande kuchuma majani mawili na chipukizi hana safu. Kompyuta haikumkataa, haikuagizwa kumuuliza.

Kurekebisha jedwali la namna hiyo si kazi kubwa. Unatengeneza jedwali la pili, la wachumaji: tarehe, jina la aliyechuma, kilo, na namba ya mkulima inayoliunganisha na lile la kwanza. Bonasi inapofika, familia inaweza kuona ni mikono ya nani iliyoleta kilo ngapi. Mtaalamu wa wastani ataimaliza kwa siku chache. Lakini lazima kwanza awepo mtu atakayeona kwamba swali hilo halijaulizwa, nami naamini aliyebeba mfuko mgongoni ataliona mapema kuliko asiyewahi kuubeba. Hii ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kutaka mabinti wa Itumbe wajifunze kompyuta. Ajira ni muhimu, ila naiweka nyuma ya hilo.

Ushahidi kwamba mabinti wanaweza kazi hii hauko mbali. Mwaka 2017 wanafunzi watano wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Kisumu, waliojiita The Restorers, walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut. Ilikuwa na vitufe vya kumwezesha msichana kuomba msaada, kuokolewa au kuripoti ukeketaji. Waliingia nayo kwenye mashindano ya Technovation na wakafika California. Walisukumwa na masaibu ya mwanafunzi mwenzao aliyekeketwa kisha akaacha shule.

Wengi wa wasichana hao walitoka katika jamii isiyokeketa. Gusii, jambo hili liko ndani ya boma. Sheria ya mwaka 2011 ililipiga marufuku, lakini linaendelea kimyakimya, hasa likizo ya Desemba, na mara nyingi anayeshika wembe ni mhudumu wa afya. Binti wa hapa angeijenga programu hiyo kwa namna nyingine. Angejua kwamba simu iliyopo nyumbani ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, kwa hiyo angetumia namba ya nyota na reli kama ile ya kuangalia salio. Angejua pia kwamba simu ni ya mama, na pengine mama ndiye aliyepanga shughuli, kwa hiyo ombi la msaada halipaswi kuacha ujumbe wowote wa kusomwa baadaye. Ujuzi huo haufundishwi chuo kikuu.

Na asidanganywe mtu kwamba kazi hii ni ya wanaume kwa asili. Kompyuta ya ENIAC ilipozinduliwa Marekani mwaka 1946, programu zake zilikuwa zimeandaliwa na wanawake sita, ambao hawakutambulishwa kwa wageni. Hapa kwetu, Linda Kamau, Judith Owigar na wenzao walianzisha AkiraChix jijini Nairobi mwaka 2010, na mafunzo yao ya bweni ya codeHive, ya mwaka mmoja bila karo, yamewapokea wasichana wa familia zisizo na uwezo.

Tunakowapoteza wengi ni mapema zaidi. Kwa miaka mingi msichana aliacha fizikia Kidato cha Tatu, na mlango wa sayansi ya kompyuta ukafungwa hapo. Katika mfumo mpya wa elimu uamuzi huja kabla ya Gredi ya 10, mwanafunzi anapochagua mkondo. Mzazi, usimruhusu akimbie hisabati kwa sababu ya alama mbaya za muhula mmoja. Nawe mwalimu wa shule ya mseto, wanafunzi wanapokaa watatu kwa kompyuta moja, angalia ni nani anayeshika kipanya na ni nani anayeandika tu kwenye daftari. Wabadilishe. Kipindi cha ziada kisipangwe saa kumi jioni, maana saa hizo wasichana wanasubiriwa nyumbani kuteka maji.

Zoezi la kwanza halihitaji kompyuta. Binti akusanye risiti za chai za mwezi mmoja, apige jedwali kwa rula, ajaze tarehe na kilo, kisha alinganishe jumla yake na ile ya kiwanda. Zikitofautiana, atafute siku ambayo risiti imekosekana. Akimaliza, aongeze safu moja upande wa kulia, aandike kwa kila siku jina la aliyechuma.