Ukishindwa kuamua, nani atakuamulia?

KIHARUSI hakipigi hodi. Mtu huenda kazini asubuhi akiwa mzima, na jioni amelazwa wodini, hawezi kusema wala kumtambua mkewe. Daktari anataka idhini ya upasuaji, karani anauliza bili italipwa na nani, nao jamaa wanabishana koridoni. Ajali ya matatu iliyojeruhi kichwa huleta hali iyo hiyo. Maradhi ya usahaulifu wa uzeeni nayo huileta polepole, kwa miaka.

Wengi hudhani wako salama kwa sababu wana wosia, au waliandika jina la jamaa wa karibu kwenye fomu ya kazini. Sivyo. Wosia haufanyi kazi mwenyewe akiwa hai, na jina lililo katika fomu halimpi mtu ruhusa ya kutoa pesa benki wala kuuza ploti.

Kuna kosa jingine linalowanasa hata wasomi. Mzee huenda kwa wakili, akatia sahihi hati ya uwakala inayompa mwanawe uwezo wa kushughulikia mali yake, akarudi nyumbani ametulia. Lakini hapa Kenya hati ya kawaida ya aina hiyo hukoma pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa akili, yaani wakati ule ule inapohitajika! England na Wales zina sheria ya mwaka wa 2005 inayoruhusu hati iendelee hata baada ya hapo. Sisi hatuna.

Kwa matibabu, hata hivyo, mlango uko wazi, na ajabu ni kwamba wachache wanaujua. Sheria ya Afya ya 2017 inasema kwamba mgonjwa asiyeweza kutoa idhini anaweza kutolewa na mtu aliyempa mamlaka hayo kwa maandishi. Ni pale tu ambapo hakuna mtu kama huyo, wala aliyeidhinishwa na sheria au mahakama, ndipo jamaa wa karibu huulizwa. Na jamaa wa karibu ni nani hasa, katika boma lenye wake wawili na ndugu watano kila mmoja na kauli yake? Barua ya ukurasa mmoja ingemaliza ubishi huo.

Andika jina la unayemteua na la pili wa akiba, eleza matibabu unayoyataka na usiyoyataka, tia tarehe na sahihi mbele ya mashahidi. Usimchague mtu kwa kuwa ndiye kifungua mimba. Mchague anayeweza kumuuliza daktari maswali, na asiyeogopa shangazi zako. Kisha zungumza naye, kwani barua haiwezi kusema yote.

Aliyekwisha kuambiwa ana ugonjwa wa usahaulifu bado anaweza kuandika, mradi siku hiyo anaelewa anachotia sahihi. Ni busara amwombe daktari athibitishe hivyo kwa barua ya tarehe iyo hiyo.

Kuhusu mali, familia iliyochelewa haina budi kwenda Mahakama Kuu. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, inaipa mahakama uwezo wa kumteua msimamizi wa mali na mlezi wa mgonjwa. Ripoti za daktari zitahitajika, na ndugu anayepinga anaweza kuichelewesha kesi huku bili ikipanda na harambee zikichosha watu. Msimamizi naye hana uhuru wote: hawezi kuuza shamba bila ruhusa ya mahakama, na hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni katika miezi 6.

Nakala moja ya barua yako mpe uliyemteua, nyingine iwekwe kwenye faili yako kliniki. Usiifungie kabatini ambako ufunguo unao wewe peke yako.