Wananchi, ramani na mipaka ya majimbo Uluguru

Ibara ya 75 ya Katiba ya Tanzania inaipa Tume ya Uchaguzi mamlaka ya kugawa majimbo, na kuchunguza mipaka yake angalau kila baada ya miaka 10. Tume huzingatia idadi ya watu, njia za mawasiliano na hali ya kijiografia.

Katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, jiografia ndiyo kiini cha suala. Milima hiyo, yenye vilele vinavyozidi mita 2,600, inatenganisha Mgeta, iliyo katika wilaya ya Mvomero upande wa magharibi, na Matombo, iliyo katika wilaya ya Morogoro upande wa mashariki. Umbali unaoonekana mfupi kwenye ramani ni safari ndefu ya kuzunguka mlima.

Maombi ya kugawa jimbo hupitia baraza la madiwani, kisha kamati za ushauri za wilaya na mkoa. Mwananchi huanzia chini zaidi, kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hapo wazee na vijana wanaweza kuchora njia, mito, masoko na zahanati wanazozitegemea, ili ramani hiyo iunge mkono ombi lao. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria umeonyesha kwamba wakazi na wanafunzi wanaweza kuchora ramani za mitaa. Vijiji vya Uluguru vichore ramani zao mapema, kabla Tume haijatangaza kupokea maombi.