Shemeji Hakudanganya

Barua ya mwezi huu imetoka Dodoma. Aliyeiandika ni mama mwenye ekari moja na nusu ya zabibu upande wa Hombolo, na anakiri mwenyewe kwamba alifanya uhuni. Siku wageni wa posa walipofika kwake, alichukua chupa tupu ya mvinyo wa Afrika Kusini, nzito, yenye lebo ya nakshi za dhahabu, akaijaza mvinyo mwekundu wa Dodoma na kuirudishia kizibo chake. Pembeni akaweka chupa ya pili, ya Dodoma kwa jina na kwa lebo. Ndani ya zote mbili mlikuwa na mvinyo uleule, wa dumu moja. Shemeji yake wa Dar es Salaam, mtu wa kuzungusha glasi kabla ya kunywa, alionja huku na huku, akatoa hukumu: wa kwanza “unateleza”, wa pili “unakwaruza koo”.

“Nilicheka peke yangu jikoni,” anaandika, “lakini swali limenibaki. Alidanganya ili aonekane wa mjini, au ulimi wake umekufa?”

Hakudanganya, mama, na ulimi wake ni mzima.

Mvinyo hutengenezwaje, sitaeleza. Zabibu, hamira na subira. Wewe unayajua hayo kuliko mimi, na mimi kileo situmii. (Wenzangu tusiotumia, someni tu. Mahali pa mvinyo wekeni asali, udi, kahawa au marashi, habari ni ileile.) Ninachokitaka ni zile sekunde chache kati ya kumeza na kusema “mtamu”.

Mwaka 2008 Hilke Plassmann, Antonio Rangel na wenzao wawili walichapisha jaribio lililofanyika katika taasisi ya Caltech, California. Watu 20 walilazwa ndani ya mashine ya MRI, kila mmoja kwa zamu yake, mrija mdomoni. Pampu inasukuma mililita moja ya mvinyo, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Kabla hujauonja, unaoneshwa bei yake. Unaonja, unameza, unatoa alama, unasuuza mdomo, linakuja tone jingine.

Waliambiwa kwamba wataonja aina 5 za Cabernet Sauvignon. Zilikuwa 3. Mvinyo wa dola 5 ulipita mara kwa bei yake, mara kwa dola 45. Wa dola 90 ulipita mara kwa 90, mara kwa 10. Wa tatu, wa dola 35, uliachwa na bei yake halali. Mvinyo uleule ulipotajwa kuwa ghali ulipata alama za juu kuliko ulipotajwa kuwa rahisi. Wiki 8 baadaye wakaonjeshwa tena bila bei, na tofauti ikayeyuka.

Hadi hapo hakuna jipya. Kila mwenye duka Kariakoo anajua. Na mtu anaweza kupandisha alama kwa adabu tu, kama tunavyousifia wali wa mwenyeji. Ndiyo maana ya ile mashine: yenyewe haisikilizi maneno, inafuatilia damu yenye oksijeni imekimbilia sehemu gani ya ubongo. Inatosha kuhusu mashine. Kilichonikosesha usingizi ni namna kazi ilivyogawanywa humo ndani.

Baba yangu alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la korosho la chama cha msingi. Gunia likishushwa kwenye baiskeli linapandishwa mizani, naye anaandika kilo. Mizani haimjui mwenye gunia. Awe mwenyekiti wa kijiji, awe mjane asiye na mtu, 48 ni 48. Karatasi ya baba ilipanda ngazi kwenda kwa meneja, na mezani kwa meneja haikuwa peke yake. Palikuwa na daftari la msimu uliopita. Palikuwa na maneno kwamba mzigo wa kijiji fulani una unyevu. Palikuwa na simu ya mezani, nyeusi, iliyolia tangu asubuhi kuhusu bei ya mnada. Meneja aliyachanganya yote hayo kichwani, akaandika tarakimu moja, thamani ya gunia. Wakulima waliopanga foleni nje hawakuoneshwa karatasi ya baba. Walioneshwa ya meneja.

Shemeji wa Dar es Salaam ana ghala hilo kichwani, na ninyi pia. Karani wa mizani yumo ndani ya mkunjo wa ubongo ambao wanaanatomia waliuita insula, yaani kisiwa. Hapo ndipo habari za ulimi zinapofikia: uchachu huu, uchungu huu, utamu huu, kwa kiasi hiki. Meneja yuko mbele, kwenye gamba la ubongo lililo juu ya matundu ya macho, sehemu ya katikati. Kwake hufika karatasi ya karani, hufika harufu, hufika kumbukumbu za mara ya mwisho, na hufika simu.

Bei ndiyo simu. Imelia kabla gunia halijashuka kwenye baiskeli. Pale California, bei ilipopanda, damu iliongezeka kwa meneja. Kwa karani hakikubadilika kitu. Dola 5 au dola 45, kisiwa kiliandika 48 ni 48. Ulimi wa mtu ulisema kweli tangu mwanzo hadi mwisho, na taarifa yake ikafika ofisini ikiwa kamili, haikuchakachuliwa njiani. Ila ile nafsi inayosema “nimefurahi” ni mkulima aliye nje dirishani. Haioneshwi karatasi ya karani.

Kwa hiyo shemeji alipofumba macho na kusema unateleza, uliteleza. Raha aliyoipata ilikuwa raha kamili, imepikwa mahali palepale raha zote zinapopikiwa, na kiungo kimojawapo kilikuwa lebo ya dhahabu.

Nilipokuwa mtoto nilimuuliza baba kwa nini meneja asiandike tu kile mizani ilichosema, yaishe. Akanijibu kwamba mizani inajua uzito, haijui korosho. Jibu hilo nimelielewa ukubwani. Ulimi nao unajua uchungu, haujui sumu. Anayekula mhogo haonji kila kipande akitafuta sianidi. Anamtazama mama aliyeuloweka na kuuanika, akisikia “huu tayari”, anakula, na kwa mdomo wake ni mtamu. Ubongo uliozikataa habari za wengine na kuusikiliza ulimi peke yake usingefika mbali. Meneja anayepokea simu ni meneja mwenye akili. Bahati mbaya siku hizi simu zinapigwa na wenye mzigo.

Sasa jambo hili tulipe jina, maana lisilo na jina halijadiliki. Madaktari wana ndugu yake: kidonge cha unga mtupu kinachotuliza maumivu kwa sababu mgonjwa anakiamini. Husemwa dawa bandia, nami neno hilo linanikera. Bandia ni noti, ni vyeti, ni mambo ya polisi. Nafuu anayoipata yule mgonjwa si ya bandia. Kwanza niliandika kiiniulimi, kwa kufuata kiinimacho. Nikalifuta, kwa sababu ulimi hauna hatia. Nikajaribu kiinibei, mhariri akasema linanuka uhasibu. Kiiniladha likakaa siku mbili bila kupingwa na mtu. Kisha nikaitazama tena ile picha ya ubongo. Meneja anakaa wapi? Juu ya matundu ya macho, kwa ndani, usawa wa nyusi. Waliotuachia neno kiinimacho hawakuwa na MRI, na wamekosa shabaha kwa sentimita chache tu! Nitaendelea na kiiniladha, ila kwa moyo mzito.

Kiiniladha hakitoki kwenye bei peke yake. Mwaka 2001 Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha walichowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux, Ufaransa. Mvinyo mweupe ulitiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi, watu wanaosomea kazi hiyo, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Uingereza, mwaka 1997, Adrian North na wenzake walipiga muziki kwenye duka kubwa karibu na rafu za mvinyo, siku moja wa Kifaransa, siku nyingine wa Kijerumani. Siku za muziki wa Kifaransa ziliuzwa chupa 40 za Ufaransa na 8 za Ujerumani. Siku za Kijerumani mizani ikageuka, 22 za Ujerumani kwa 12 za Ufaransa. Katika wateja 44 waliohojiwa, 6 tu walikubali kwamba huenda muziki uliwasukuma.

Meneja husikiliza simu zaidi pale karatasi ya mizani inaposomeka kwa shida, na mvinyo kwa wengi wetu ni mwandiko wa daktari. Bibi aliyepika mbege maisha yake yote huwezi kumbabaisha kwa chupa. Wala huwezi kumuuzia mtu siki kwa dola 90. Pengo likizidi, meneja anashuka ngazi mwenyewe kwenda kuangalia mizani, na akirudi juu amekasirika.

Nilijaribu ofisini kwetu, na asali ya Tabora. Ndoo moja, vichupa viwili, kimoja nikabandika bei ya shilingi 8,000, kingine 25,000. Dada wa mapokezi alilamba kile cha 25,000, akakaa kimya kidogo, akasema hiki kina harufu ya maua ya miombo. Hajawahi kufika Tabora. Mhasibu akasema cha 8,000 kimechanganywa na sukari, akaniomba nimtaje aliyeniuzia. Nilipowaambia ukweli, mhasibu aliomba alambe tena, akasema tofauti ipo.

Watu 20 wa California si wengi, najua, na walikuwa vijana. Jaribio la namna hiyo lilirudiwa Bonn, Ujerumani, likachapishwa 2017, kwa watu 30 na mvinyo wa euro 12 uliotajwa kuwa wa 3, wa 6 au wa 18, na simu ikalia vilevile. Wapo pia wataalamu waliofundishwa ambao ulimi wao huegemea kidogo upande wa mvinyo ghali hata lebo ikifichwa. Tuwaache na kazi yao.

Kinachoniuma ni Dodoma. Shamba linavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa angelipigia magoti, kisha chupa inafika dukani na kupangwa rafu ya chini, na tukiona haitoki tunaipunguzia bei. Kila shilingi tunayoipunguza ni simu nyingine kwa meneja. Tunadhani tunamvuta mteja, kumbe tunautia mvinyo ukali ambao pipani haukuwamo. Lebo zenyewe nyingine zimebandikwa upande. Sisemi bei ipandishwe hadi mkulima ashindwe kunywa alichokilima. Nasema aliyeipunguza ajue kwamba ameingiza mkono ndani ya chupa.

Kwenye harusi ya Kana, wasomaji wa Injili ya Yohana watakumbuka, mkuu wa meza aliusifu mvinyo asijue umetoka wapi. Hakuna chupa, hakuna lebo, hakuna bei, ni mitungi ya mawe tu. Jaribio safi kuliko yote niliyoyasoma, ingawa mwonjaji alikuwa mmoja.

Mama, mwishoni mwa barua umeuliza jingine: umwambie shemeji, au ufe nalo? Hilo nalo limepimwa. Mwaka 2006 Leonard Lee, Shane Frederick na Dan Ariely walichapisha majaribio waliyoyafanya kwenye baa za Cambridge, Massachusetts. Waliwapa wanywaji bia mbili, moja ya kawaida, nyingine imedondoshewa matone ya siki ya balsamiki. Wasioambiwa, wengi waliipenda yenye siki. Walioambiwa kabla ya kuonja waliikunjia uso. Walioambiwa baada ya kuonja waliendelea kuipenda karibu sawa na wale wasiojua kitu. Simu inayolia baada ya meneja kutia saini haifuti kitu.

Basi mwambie. Jioni ile ameshainywa na imeshakuwa tamu. Ila unasema harusi ni mwezi wa tisa, na mvinyo utakuwa wa Dodoma kwa watu mia mbili. Mimina kwenye majagi ya kioo, ya kukodi kama huna, lebo zibaki jikoni hadi sahani za mwisho zitolewe. Na shemeji mkalishe mbali na mlango wa jikoni.