Vipeo vya Kumi Kwenye Reli ya Katanga

Noti ya faranga mia moja ya Congo haina makuu. Sokoni Kabondo-Dianda, kama kwingineko katika jimbo la Haut-Lomami, hubadilishwa mkono kwa mkono bila mtu kuihesabu mara mbili. Lakini ukiipima kwa faranga zilizotumika nchini kabla ya Juni 1967, kwa kufuata viwango rasmi vya kubadilisha fedha, noti hiyo moja ni sawa na faranga 30,000,000,000,000,000. Jicho huchoka kabla ya kufika mwisho wa safu hiyo ya sifuri. Mwenye kuinakili akiruka sifuri moja tu, amepoteza tisa ya kumi za fedha yote.

Wanasayansi huiandika namba hiyo kwa ufupi: 3 × 10¹⁶, yaani tatu mara kumi kwa kipeo cha kumi na sita. Kanuni ni nyepesi. Namba ya mbele huanzia 1 na haifiki 10. Kipeo, ile tarakimu ndogo iliyopandishwa juu, hutuambia kumi imezidishwa yenyewe mara ngapi. Kipeo kikiwa hasi, kumi inagawanya badala ya kuzidisha: 10⁻³ ni moja ya elfu, 10⁻⁶ ni moja ya milioni. Mtindo wa kupandisha kipeo juu ya namba ulienea kutokana na kitabu cha Mfaransa René Descartes, La Géométrie, kilichotoka mwaka 1637.

Wanafunzi wengi hufundishwa maandishi haya ya kisayansi kwa mifano ya nyota na sayari, wakabaki kuamini kwamba namba za aina hiyo ni mali ya mbinguni. Sivyo. Ukifuata reli inayotoka Bukama, kupitia pande za Kabondo-Dianda hadi Kamina na kuendelea Kasai, utakutana na vipeo vikubwa na vidogo kuliko vile ambavyo watu wengi duniani wamewahi kulazimika kuvihesabu. Na kila mara utaona kwamba habari yenyewe imebebwa na kipeo.

Fedha iliyokimbia

Tuanze na fedha. Mwezi Juni 1967 serikali ya Mobutu ilianzisha zaire, moja kwa faranga elfu moja za zamani. Wakati huo zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Miaka ishirini na mitano baadaye ilichapishwa noti ya zaire milioni tano, yenye tarehe ya 1992. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi aliitangaza kuwa si halali. Januari 1993 wanajeshi walilipwa mishahara kwa noti hizo, wafanyabiashara wakazikataa, na ghasia zikazuka Kinshasa.

Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa zaire milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikarudi faranga, moja kwa zaire mpya laki moja. Basi faranga moja ya leo ni faranga ngapi za mwaka 1967? Andika hatua tatu kwa vipeo:

10³ × (3 × 10⁶) × 10⁵

Katika kuzidisha, vipeo hujumlishwa, kwa sababu kipeo ni hesabu ya kumi zilizopangwa safu moja: kumi tatu, kisha kumi sita, kisha kumi tano, jumla kumi na nne. Jibu ni 3 × 10¹⁴. Hesabu ambayo ingejaza mstari mzima wa daftari imekwisha kwa kujumlisha 3, 6 na 5. Zidisha kwa 10² na utapata ile 3 × 10¹⁶ ya noti ya faranga mia.

Katika kugawanya, vipeo hutolewa. Faranga moja ya 1998 ilikuwa zaire za zamani 3 × 10¹¹. Ni noti ngapi za zaire milioni tano zilizohitajika kuifikia? Gawanya 3 × 10¹¹ kwa 5 × 10⁶. Tatu kwa tano ni 0.6; kumi na moja kutoa sita ni tano. Tumepata 0.6 × 10⁵. Lakini 0.6 iko chini ya 1, hivyo tunasogeza nukta hatua moja kulia na kupunguza kipeo kwa moja: 6 × 10⁴. Noti elfu sitini kwa faranga moja.

Ukitaka kuhisi ukubwa wa 3 × 10¹⁴, tumia sekunde. Mwaka mmoja una sekunde takriban 3.15 × 10⁷. Mtu akihesabu faranga moja kila sekunde, usiku na mchana, angehitaji 3 × 10¹⁴ kugawanya kwa 3.15 × 10⁷, yaani karibu miaka milioni tisa na nusu.

Kwa watu wa reli hii, vipeo havikubaki kwenye karatasi. Majimbo ya Kasai yaliikataa zaire mpya ya 1993 na kuendelea kutumia ile ya zamani. Mfanyabiashara aliyepanda treni Kamina kwenda Mwene-Ditu alikuwa akivuka kutoka eneo la fedha moja kuingia eneo la fedha nyingine, na kiwango rasmi kati ya fedha hizo kilikuwa 3 × 10⁶. Bei ilipotajwa, jambo la kwanza kujua lilikuwa ni zaire ipi.

Bilioni ya Lubumbashi na bilioni ya Nairobi

Kuna sababu nyingine ya kuandika kwa vipeo, inayowahusu wasemaji wa Kiswahili hasa. Aliyesoma kwa Kifaransa huko Katanga huita 10⁹ miliari, na kwake bilioni ni 10¹². Aliyesoma Dar es Salaam au Nairobi huita 10⁹ bilioni, na 10¹² ni trilioni. Wote wawili wako sahihi kwa mapokeo ya shule zao. Hata hivyo, wakisoma taarifa ileile ya bajeti ya nchi, mmoja anaweza kuelewa kiasi kikubwa mara elfu kuliko anachoelewa mwenzake. Ukiandika 10⁹, tofauti hiyo inakwisha. Vivyo hivyo kikokotoo cha simu kinapoonyesha 3E14, herufi E inasimama badala ya «mara kumi kwa kipeo cha».

Simu zenyewe zimejaa vipeo. Vijana wa Congo hununua mega ili waingie kwenye intaneti. Mega ni 10⁶, giga ni 10⁹. Toa sita katika tisa, unapata tatu: giga moja ni mega elfu moja. Mwenye kulijua hilo anaweza kulinganisha bei za vifurushi papo hapo.

Shehena iliyopita hapa

Habari nzito kuliko zote za reli hii ni ya urani. Mwaka 1915 madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliyachimba kuanzia miaka ya 1920 kwa ajili ya radiamu, iliyotumika hospitalini kutibu saratani. Radiamu ni adimu kupita kiasi: katika kila gramu ya urani iliyomo ndani ya jiwe la asili, kuna gramu 3.4 × 10⁻⁷ tu za radiamu. Gawanya 1 kwa namba hiyo, nawe utaona kwamba ili kupata gramu moja ya radiamu unahitaji gramu milioni tatu hivi za urani, yaani tani tatu. Kipeo hicho hasi ndicho kilichoifanya radiamu kuwa miongoni mwa vitu ghali zaidi duniani.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka tani zipatazo 1,200 za madini hayo New York, yakahifadhiwa kwenye ghala la Staten Island. Septemba 1942 jeshi la Marekani liliyanunua kwa ajili ya Mradi wa Manhattan, ule wa kutengeneza bomu la atomiki, na mgodi ukafunguliwa upya. Katika miaka ya vita, shehena za Shinkolobwe zilipandishwa treni hadi Port-Francqui, mji unaoitwa Ilebo leo, zikashushwa mtoni kwa majahazi hadi Léopoldville (Kinshasa ya leo), kisha kwa treni tena hadi bandari ya Matadi. Njia ya reli kutoka Katanga hadi Port-Francqui, iliyokamilika mwaka 1928, ni hiyohiyo ya Bukama na Kamina. Wakazi wa kando ya reli waliona mabehewa yakipita na hawakuambiwa yamebeba nini.

Tuangalie kilichokuwa ndani. Upana kati ya vyuma viwili vya reli hii ni mita 1.067. Kwa maandishi ya kisayansi ni 1.067 × 10⁰, kwa kuwa kumi kwa kipeo cha sifuri ni moja. Atomu ya urani ina upana wa takriban mita 3 × 10⁻¹⁰. Gawanya: sifuri kutoa hasi kumi ni kumi, na baada ya kuweka nukta mahali pake unapata karibu 3.6 × 10⁹. Hizo ndizo atomu ambazo zingepangwa bega kwa bega kutoka chuma kimoja cha reli hadi cha pili. Katikati ya kila atomu kuna kiini chenye upana wa mita 1.5 × 10⁻¹⁴ hivi, kidogo kuliko atomu yenyewe mara elfu ishirini. Nguvu zote za bomu zilitoka kwenye viini hivyo.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lililorushwa Hiroshima lilikuwa na urani yenye uzito wa kilo 64. Nishati iliyotoka inakadiriwa kuwa sawa na tani 15,000 za baruti ya TNT, yaani jouli 6.3 × 10¹³. Kiini kimoja cha aina ya urani iitwayo urani 235 kinapopasuka hutoa nishati ya jouli 3.2 × 10⁻¹¹, kiasi kidogo mno ambacho hakuna mkono unaoweza kukihisi. Ni viini vingapi basi vilivyopasuka?

6.3 kwa 3.2 ni karibu 2. Kipeo ni 13 kutoa hasi 11, yaani 24. Jibu ni viini 2 × 10²⁴.

Na uzito wake? Katika gramu 235 za urani hiyo kuna atomu 6.02 × 10²³. Gawanya 2 × 10²⁴ kwa namba hiyo, unapata 3.3, zidisha kwa 235, unapata gramu 780 hivi. Kati ya kilo 64, haikufika hata kilo moja iliyopasuka. Nenda hatua moja mbele kwa kanuni ya Albert Einstein: nishati gawanya kwa mwendo wa nuru uliozidishwa wenyewe. Mwendo wa nuru ni mita 3 × 10⁸ kwa sekunde; uzidishe wenyewe, unapata 9 × 10¹⁶. Basi 6.3 × 10¹³ kwa 9 × 10¹⁶ ni 0.7 × 10⁻³, au kilo 7 × 10⁻⁴. Maada iliyogeuka nishati siku hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 0.7.

Hadi mwisho wa mwaka 1945 watu wanaokadiriwa kufikia 140,000 walikuwa wamekufa. Namba hiyo pia huandikwa kwa kipeo, 1.4 × 10⁵, lakini kila mmoja wao alikuwa mtu kamili mwenye jina lake. Maandishi ya kisayansi yanatusaidia kuelewa ilivyowezekana. Hayatupi ruhusa ya kusahau waliouawa.

Kipeo kwanza

Rudia hesabu ya viini huku ukikosea kidogo. Badala ya 6.3 andika 6.5: jibu linasogea kwa asilimia tatu tu, na maana haibadiliki. Sasa acha 6.3 ilivyo, lakini andika kipeo cha 14 badala ya 13: urani iliyopasuka inakuwa kilo karibu nane, na kila ulichokisema kuhusu bomu hilo ni uongo. Kosa katika tarakimu za mbele hupotosha kidogo. Kosa katika kipeo hubomoa hesabu nzima.

Kwa hiyo mwenye mazoea mazuri hukagua kipeo kabla ya kitu kingine chochote. Tabia hiyo ina kazi hata kwa asiyewahi kuingia maabara. Miligramu ni gramu 10⁻³, mikrogramu ni gramu 10⁻⁶; muuguzi anayezichanganya anampa mgonjwa dawa mara elfu zaidi au mara elfu pungufu. Anayetangaziwa kwamba mgodi umezalisha tani elfu au tani milioni anatakiwa kujua tofauti hiyo kabla hajafurahi au kukasirika. Na raia anayesomewa bajeti ya taifa anatakiwa kuuliza: ni 10⁹ au ni 10¹²?

Walimu wa Kabondo-Dianda, Bukama na Kamina hawana haja ya kuagiza mifano kutoka mbali. Waandike ubaoni zaire na faranga, radiamu ya Shinkolobwe na upana wa reli iliyo karibu yao, kisha wawaache wanafunzi wazidishe na kugawanya wenyewe. Kwa miongo mingi Katanga imetoa madini na wengine wamefanya hesabu. Mtoto anayeweza kusoma kipeo anaweza kuuliza ni kiasi gani kimetoka, kwa bei gani, na kimefanya nini huko kilikokwenda.