Shauri la Talaka Likiwa Linaendelea, Nani Afungue Duka?

Shauri la talaka lina ratiba yake, na biashara ina ya kwake. Siku ya kuitwa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa inaweza kuangukia siku ileile ambayo wateja wanafuata sare zao za harusi. Mama mwenye banda la ushonaji hana pesa ya kuajiri, na pengine mume ndiye aliyekuwa akienda Kariakoo kuchukua vitambaa. Anampigia simu mdogo wake: “Njoo unishikie banda kwanza, mambo yakikaa sawa nitakuangalia.”

Kuomba hivyo si aibu. Biashara nyingi ndogo zimevuka misukosuko kwa mikono ya ndugu na majirani. Ila ahadi ya “nitakuangalia” haina kiasi wala mwisho, na kipindi cha talaka ndicho kibaya kuliko vyote kwa ahadi za namna hiyo. Msaada wa bure ni mchango kama mchango mwingine wowote. Usipoandikwa, kesho hugeuka kuwa deni, madai, au hata ushahidi dhidi yako.

Tuanze na sheria. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja. Mahakama huangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Wengi wanalijua hilo. Lisilosemwa sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia hazikutumika ipasavyo. Kwa mwenye biashara, funzo ni kubwa: namna pesa ya mradi ilivyotunzwa inaweza kuamua utatoka na nini.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta mtu wa kukushikia banda, tafuta mtu wa kukusaidia kuhesabu. Chagua anayeheshimika pande zote mbili, mjomba, mama mkubwa au jirani mwenye kuaminika. Fungeni banda jioni moja, mfungue daftari la kaunta ukurasa mpya, mwandike tarehe juu. Vyerehani vingapi, na namba ya kila kimoja ni ipi. Vitambaa mita ngapi. Nguo za wateja zilizokwisha kushonwa lakini hazijachukuliwa, ambazo si mali yako, ziandikwe kando. Kisha advansi ulizopokea, mali kauli unayodaiwa na wauzaji wa jumla, wateja unaowadai, na salio la simu na lipa namba siku hiyo. Kila aliyekuwepo aweke sahihi, na ukurasa upigwe picha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wakati wa talaka hupotea haraka zaidi.

Sasa mikono. Mwambie ndugu yako mapema: atakuja siku zipi, saa ngapi hadi saa ngapi, atafanya kazi gani, na mpaka tarehe ipi. Nauli na chakula mpe kila siku, na uandike kama matumizi ya biashara. Mipaka hii inamlinda yeye, na inakulinda wewe pia. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamdhania mtu kuwa mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, anafanya kazi chini ya maelekezo yako, au amekufanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Anayekaa bandani saa 8 kwa siku huvuka saa hizo kwa siku 6 tu. Mkikosana, anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai ujira, na udugu pekee hautakuokoa. Ukiona unamhitaji kila siku kwa miezi kadhaa, huyo si msaidizi tena: mpe mkataba na mshahara halali, au punguza saa za kufungua.

Watoto tuwahurumie. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefika umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomzuia kusoma. Mbali na sheria, mtoto ambaye wazazi wake wanaachana amekwisha kubebeshwa mengi. Asikae bandani kumchunga baba asichukue mauzo, wala asitumwe kwa mama kuuliza leo ameingiza shilingi ngapi.

Upo pia msaada wa bure wa kitaalamu, ambao wengi hawauombi. Afisa biashara na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako wapo kwa kazi hiyo. SIDO huwashauri wenye viwanda na biashara ndogo, na ofisi za TRA hutoa elimu ya kodi bila malipo. Kwa shauri lenyewe, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa huduma kwa wasio na uwezo, pamoja na wasaidizi wa kisheria. Msaidizi wa kisheria atakueleza haki zako na kukuelekeza pa kwenda, lakini hawezi kusimama mahakamani kama wakili. Mashirika kama TAWLA na WLAC yamewasaidia wanawake kwa miaka mingi. Kwa Zanzibar, ambako Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitumiki, Waislamu huanzia Mahakama ya Kadhi.

Kuna msaada mmoja wa kukataa hata ukiletwa na mtu anayekupenda: kukufichia. Usihamishie cherehani kwa dada, wala usipitishe mauzo kwenye simu ya kaka ili mwenzako asiyaone. Mahakama ikigundua, hata maneno yako ya kweli yatatiliwa shaka, na ndugu aliyekuhurumia anaweza kuitwa shahidi. Hayo yanamhusu mume mwenye duka sawasawa na mke mwenye banda.

Wiki hii fanya mambo mawili: hesabu mali mbele ya shahidi, kisha keti na anayekusaidia mpange tarehe ya mwisho. Shauri litaisha siku moja. Utahitaji biashara iliyo hai, na ndugu ambao bado mnasemezana.