Kila Chuchu Ina Mwenyewe

Nguruwe jike huwa na chuchu 12 au 14, wengine hata 16, na ikifika siku ya nne tangu azae hakuna hata moja iliyo ya wote. Kila chuchu ina mwenyewe. Yule mwenye doa mgongoni hunyonya ya pili kutoka mbele, safu ya juu, na ataendelea na hiyo hiyo mpaka siku ya kuachishwa. Mwenzake akiigusa anang'atwa. Wapo watu waliofuga nguruwe tangu utotoni ambao hawalijui jambo hili, kwa sababu wakichungulia bandani wanaona fujo tu: kelele, kusukumana, huyu kampanda yule mgongoni. Fujo hiyo ina utaratibu mkali kuliko foleni yoyote ya benki.

Chanzo chake ni maziwa yenyewe. Ng'ombe na mbuzi wana kiwele chenye nafasi ya kutunzia maziwa, ndiyo maana ndama akifika saa yoyote hakosi chochote. Nguruwe hana ghala la namna hiyo. Kila chuchu ina tezi zake, zisizoungana na za chuchu ya jirani, na maziwa hayatoki mpaka mama ayaachie. Akiwa tayari hujilaza ubavu na kuanza kuguna taratibu, mguno mzito wa chini. Watoto wakiusikia hukimbilia kila mmoja mahali pake na kuanza kuisugua chuchu kwa pua. Muda wa kama dakika moja hivi hapatoki kitu. Kisha mguno hubadilika, unakuwa wa haraka haraka: hiyo ni dalili kwamba oksitosini, homoni inayosukuma maziwa, imekwisha kuingia kwenye damu. Sekunde ishirini na kitu baadaye maziwa yanashuka. Ghafla banda zima linakuwa kimya, watoto wamelaza masikio nyuma, wanameza. Na yanakatika. Sekunde 10 hadi 20, basi. Wakiendelea kunyonya baada ya hapo wanajichosha bure, kwani awamu nyingine itakuja baada ya dakika 40 mpaka 60, na ndivyo inavyokwenda usiku na mchana.

Mtoto akizitumia sekunde hizo kutafuta chuchu iliyo wazi, amelala na njaa. Ndiyo maana ugomvi wa nafasi humalizwa mapema, tena mara moja. Katika saa za mwanzo baada ya kuzaliwa maziwa ya kwanza, yale ya njano, hutiririka karibu mfululizo, kwa hiyo mtoto anaweza kuonja hapa na pale huku akipigana. Anapigana kwelikweli. Huzaliwa na meno 8 membamba yaliyochongoka, ambayo hayamsaidii kutafuna kitu. Yameelekea pembeni, na kila anapogeuza kichwa yanachana shavu la jirani. Chuchu za mbele ndizo zinazogombewa zaidi. Kwa kawaida zina maziwa mengi, na ziko mbali na mateke ya miguu ya nyuma. Wenye nguvu wanaishia kifuani kwa mama, wadogo wanasukumwa kinenani. Chuchu isiyonyonywa siku mbili tatu inakauka, kwa hiyo aliyechelewa hatakuta nafasi iliyobaki.

Kuna la ajabu zaidi. Mabanda yakiwa karibu karibu, mama mmoja akianza mguno wa kunyonyesha, majirani nao huitikia, na dakika chache baadaye safu nzima inanyonyesha. Mtoto mwizi aliyepenya kwenda kwa jirani anakuta kule nako maziwa yametoka na kwisha saa ile ile aliyoondoka kwao.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu yana gharama. Jike akizaa watoto 15 na chuchu ziko 12, watatu watakufa polepole wasipohamishiwa kwa mama mwingine aliyezaa karibuni. Watu wengi hungoja. Wanasema tuone kwanza, na wiki ya pili, wakati wale watatu wamebaki ngozi na mifupa, ndipo wanawapeleka kwa jirani. Huko chuchu za ziada zimeshakauka na zenye maziwa zina wenyewe. Kuhamisha ni kazi ya siku ya kwanza au ya pili, tena baada ya mtoto kunywa maziwa ya njano ya mama yake. Hilo la maziwa ya njano halina mjadala. Nguruwe hapati kinga yoyote ya mwili akiwa tumboni. Yote huipata kwa kunyonya, na utumbo wake hufunga mlango huo baada ya kama saa 24.

Jambo jingine ni nyasi. Siku moja kabla ya kuzaa, jike aliye huru hutembea mbali, huchimba kishimo, na kubeba nyasi na matawi kwa mdomo mpaka atengeneze kiota. Aliyefungiwa kwenye sakafu ya saruji ana homoni zile zile mwilini, ila hana cha kubeba. Utamwona anaparapara sakafu, anatafuna mbao za mlango, na mwenye nguruwe anasema jike wake ni mkorofi. Mzigo mmoja wa nyasi kavu hauna bei kijijini. Sioni kisingizio.

Nyasi hizo zitawafaa na watoto. Wakizaliwa hawana mafuta ya kuwapa joto mwilini, wanataka joto la zaidi ya nyuzi 30, wakati mama yao anaona raha kwenye nyuzi 20. Njombe mwezi wa saba usiku hakuna aliyeridhika. Watoto wanajibana kwa mama kutafuta joto, mama anageuka, wawili wamekufa. Boriti iliyofungwa kuzunguka kuta za ndani, sentimita 20 kutoka ukutani na kama hizo kutoka sakafuni, huwapa pa kuchomokea.

Halafu kuna udongo. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba ya madini ya chuma ya kama miligramu 50. Anakua kwa kasi ya kutisha, katika wiki moja uzito wake unakuwa mara mbili, na kwa siku anahitaji miligramu 7 hivi. Maziwa ya mama yanampa moja. Piga hesabu mwenyewe: akiba inakwisha katika wiki ya pili. Masikio yanakuwa meupe, anahema kama aliyepanda mlima, na cha kusikitisha, wanaoanza kufa ni wale wanono wanaokua haraka, kwa kuwa ndio wanaomaliza akiba ya chuma mapema.

Inakuwaje basi mnyama huyu hakutoweka zamani? Porini haishi juu ya saruji. Kabla ya wiki kwisha anakuwa ameshaanza kuchimbachimba kwa pua na kumeza udongo, na humo hupata chuma anachokosa kwenye maziwa. Tatizo tulilitengeneza wenyewe siku tulipoanza kujenga mabanda ya kisasa. Wekundu wa udongo wetu, wa Mbozi, wa Rombo, wa Kiambu, unatokana na oksidi za chuma. Koleo moja la udongo huo likimwagwa kwenye kona ya banda tangu siku za mwanzo linasaidia sana, mradi litoke mahali ambapo nguruwe hawajawahi kupita, maana vinginevyo unaingiza mayai ya minyoo. Sindano ya chuma, miligramu 200 ndani ya siku tatu nne za kwanza, ndiyo njia ya uhakika zaidi. Lakini nimeona wafugaji walioambiwa habari za sindano tu, duka la dawa liko kilomita nyingi, na wamekaa wanawatazama watoto wakipauka huku ardhi nyekundu imelala nje ya mlango.

Kuhusu uchafu nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ni suala linalonichosha. Nguruwe hatoi jasho la kutosha kupoza mwili. Jua likimpiga ana njia mbili, kivuli au maji. Tope linamfaa kuliko maji matupu kwa sababu hukauka polepole, kwa hiyo ubaridi wake hudumu. Mpe kivuli na maji safi uone kama atahangaika na tope. Mpe banda lenye nafasi uone: hatajisaidia alipolala. Watoto wa siku chache tu hutoka kwenye malalo kwenda pembeni, na wote huchagua kona moja, aghalabu ile yenye unyevunyevu. Sisi tunamjengea kibanda cha mita mbili, paa la bati lililoinamia kichwani, bila kona ya kwenda, kisha tunaziba pua.

La tegu ni zito zaidi, na linamhusu hata msomaji ambaye nguruwe ni haramu kwake. Tegu mkubwa wa nguruwe haishi ndani ya nguruwe. Anaishi ndani ya utumbo wa binadamu. Mtu mwenye tegu akijisaidia vichakani, mayai hutoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho, na mayai yanageuka mabuu kwenye misuli yake, punje nyeupe ambazo wachuuzi huzitafuta kwa kumfungua mdomo na kupapasa ulimi. Anayekula nyama isiyoiva anapata tegu. Mpaka hapo wengi wanajua. Wasichojua ni kwamba mayai ya mtu mwenye tegu, yakifika kwenye mkono wake, kwenye chakula au kwenye maji, yanaweza kumezwa na mtu mwingine yeyote, na ndani ya huyo mabuu yakapanda mpaka kwenye ubongo. Hapo ndipo kifafa kinapoanza. Watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya Haydom, Mbulu, waliyakuta mabuu hayo vichwani mwa baadhi ya wagonjwa wa kifafa. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Wayahudi wanne wa New York, watu wa dini wasiogusa nyama hiyo, waliokuwa na mabuu yale yale ubongoni. Walioshukiwa kuwaambukiza ni wafanyakazi wa majumbani waliotoka katika nchi zenye tegu wengi.

Choo chenye mlango na nguruwe aliyefungiwa: kimoja kati ya hivyo viwili kikiwepo kikweli, mzunguko unakatika. Tumeshindwa vyote viwili katika vijiji vingi, na lawama zote tumemtwika mnyama.

Homa ya nguruwe nayo ni ya kwetu kabisa. Daktari wa mifugo aitwaye Montgomery aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1921, baada ya kuona nguruwe wa walowezi nchini Kenya wakifa kwa mamia. Kirusi chake kinaishi kwa amani ndani ya ngiri na kupe wa mashimoni mwao. Kwa nguruwe wa kufugwa ni kifo. Mwaka 1957 kilifika Ureno, mwaka 2007 kikatua Georgia, mwaka 2018 kikaingia China. Chanjo ya kumpa nguruwe wako hapa nyumbani haipo. Hakimdhuru binadamu, na hilo ndilo linalotuponza: mfugaji akiona wawili wamelala na masikio mekundu, jioni hiyo hiyo anawauza waliobaki kwa bei ya kutupa, nyama inasambaa kwenye vibanda vya kitimoto, mifupa na mabaki yanarudi kulishwa nguruwe wa mtu mwingine, na wilaya nzima inafutika. Ukilisha mabaki ya hotelini, yachemshe mpaka yatokote nusu saa. Usimruhusu mnunuzi aingie bandani na viatu alivyotoka navyo banda jingine. Wengi wanaona haya kumwambia.

Kulisha si kazi ngumu kama wauza chakula wanavyotaka uamini. Matembele, pumba, mashudu ya alizeti, machicha ya pombe kwa kiasi, maparachichi yaliyoanguka kule Rungwe ambayo kila msimu huoza chini ya miti huku watu wakinunua pumba dukani. Dagaa kidogo kwa protini. Muhogo mchungu uchemshwe. Chumvi asizidishiwe, na maji asikose, maana chumvi bila maji humharibu ubongo.

Mimba ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Faida za nguruwe wengi mnazijua: nyama, mafuta ya kukaangia, ada ya shule mwezi wa kwanza, brashi za manyoya magumu, ngozi, heparini ya kuzuia damu kuganda ambayo hutolewa kwenye utumbo wake, vali za moyo. Na samadi, ambayo ni nzuri kwa migomba na kahawa, ila iozeshwe miezi kadhaa kwanza, na isitiwe mbichi kwenye mchicha.