Mbwa Mchungaji Asiye na Kundi

Katika miteremko ya Mlima Meru, mbwa ni sehemu ya maisha ya kila siku. Kwenye maboma ya wafugaji, kuanzia Kisongo hadi Oldonyo Sambu, yeye hulala karibu na zizi na kubweka fisi au mgeni anaposogea. Kazi ya kuswaga ng'ombe na mbuzi si yake. Hiyo hufanywa na watoto na vijana. Lakini katika jiji la Arusha na vitongoji vyake, nyuma ya kuta na nyua, hupatikana pia mbwa wa mbegu za kigeni, hasa wale wa Kijerumani waitwao German Shepherd. Asili yao ni mbwa wa kuchunga kondoo, ingawa hapa hufugwa ili walinde nyumba.

Mbwa hao huzaana wao kwa wao, na huzaana pia na mbwa wa kienyeji. Watoto wao, yaani vilebu, si wote wapatao makao. Wengine hutupwa, na wenye bahati hufikishwa kwenye vituo vya kuokoa wanyama, kama kile cha Mbwa wa Africa kilichoko upande wa Usa River. Anayekwenda kutafuta mbwa wa kufuga huweza kuvutiwa na kilebu mwenye masikio yaliyosimama na macho maangavu, kisha akashangaa afikapo naye nyumbani. Mchana kutwa mtoto huyo hujificha chini ya kitanda, na akiitwa hujikojolea. Jioni, watu wakitulia, hutoka na kuuzunguka ua mbio bila kuchoka. Jirani atasema kwamba ni mwoga na tena mtundu. Sayansi husema kwamba mambo hayo mawili yana vyanzo viwili tofauti, na kila kimoja hudai malezi yake.

Majuma Ambayo Hayarudi

Mwaka 1961 wataalamu watatu wa Marekani, Daniel Freedman, John King na Orville Elliot, walitangaza matokeo ya jaribio lililofanyika Bar Harbor, katika jimbo la Maine. Vilebu walilelewa na mama zao katika shamba lililozungushiwa ua mrefu, wakilishwa bila kukutana na watu. Kila kikundi kilitolewa humo kwa juma moja tu ili kichezewe na kushikwashikwa na watu, kisha kikarudishwa. Kimoja kilitolewa kikiwa na umri wa majuma 2, vingine majuma 3, 5, 7 na 9. Kikundi cha mwisho hakikuzoeshwa watu mpaka kilipotimiza majuma 14.

Vilebu wa majuma 2 walikuwa wachanga mno kunufaika sana na juma hilo. Waliotolewa kati ya majuma 5 na 9 waliwazoea watu vizuri zaidi. Wale waliongojewa hadi majuma 14 walikuwa kama wanyama wa mwituni. Mmoja wao alilishwa na kubembelezwa kwa muda wa miezi mitatu, lakini alibadilika kidogo tu.

Jaribio hilo na mengine yaliyofuata yameonyesha kwamba, tangu juma la 3 hivi hadi karibu juma la 12, ubongo wa kilebu hujifunza upesi ni vitu gani vya kawaida duniani. Sauti ya gari, harufu ya moshi wa jikoni, kicheko cha mtoto, mtu mwenye kofia: akivikuta wakati huo bila madhara, havitamtisha baadaye. Muda huo ukipita, kila jambo geni huanza kuhesabiwa kuwa hatari. Kwa mnyama wa porini utaratibu huo una manufaa makubwa, kwani mtoto atokaye pangoni bila hofu huliwa na wanyama wengine. Woga wa kilebu, basi, ni kinga aliyorithi.

Muda huo haulingani kwa mbegu zote. Utafiti uliochapishwa na Mary Morrow na wenzake mwaka 2015 ulilinganisha vilebu wa mbegu tatu. Wale wa German Shepherd walianza kukwepa vitu vigeni mapema, kwa wastani karibu na siku ya 39 tangu kuzaliwa, ilhali wale wa Cavalier King Charles Spaniel walichelewa hadi karibu na siku ya 55. Maana yake ni kwamba kilebu wa mbegu hii ya wachungaji huanza kuogopa mapema, na nafasi ya kumzoesha bila hofu ni fupi zaidi. Aliyezaliwa kichakani, akaokotwa na umri wa miezi mitatu, amekwisha kupitwa na sehemu kubwa ya majuma yake bora.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Hata hivyo kilebu aliyechelewa hafanani kabisa na samaki mkavu. Bado aweza kujifunza, ila atajifunza polepole, na huenda akabaki na hofu kiasi maisha yake yote. Anayemchukua hana budi kulijua jambo hili kabla ya kumchukua.

Windo Lisilofika Mwisho

Chanzo cha nguvu zake ni kingine. Mbwa mwitu awindapo hufuata hatua zilizopangika: hukazia macho, hunyemelea, hufukuza, huuma, kisha huua. Wafugaji wa kondoo huko Ulaya, kwa kuchagua mbwa wa kuzalisha kizazi baada ya kizazi, walizikuza hatua za mwanzo na kuzidhoofisha zile za mwisho. Mbwa aitwaye Old Hemp, aliyezaliwa Northumberland, Uingereza, mwaka 1893, alisifika kwa kuwaongoza kondoo kwa macho na mwendo wa kimya, na Border Collie wengi wa leo hutokana naye. Huko Ujerumani, Max von Stephanitz aliunda chama cha mbegu ya German Shepherd mwaka 1899.

Mnyama wa namna hiyo hupata raha katika kufukuza kwenyewe. Katika jiji lisilo na kondoo, chochote kiendacho mbio huwa kundi lake: pikipiki ya bodaboda, kuku wa jirani, watoto watokao shule. Akipigwa, hamu haiondoki. Linaloongezeka ni woga. Akifungwa mnyororo kutwa, nguvu zilizozuiliwa hutokea kwa njia ya kubweka kusikokwisha, kutafuna vitu na kuuma. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Nguvu hizo hizo zikipewa kazi huwa hazina. Shirika la Honeyguide, ambalo ni la Arusha, limewahi kuwatumia mbwa wa mbegu ya German Shepherd kufuata harufu za majangili katika eneo la Kilimanjaro Magharibi.

Malezi Yafaayo

Kuhusu woga, msaada unatokana na kazi ya Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Yeye alionyesha kwamba ishara isiyo na maana kwa mbwa, ikitangulia chakula mara nyingi, hatimaye humtoa mate peke yake. Vivyo hivyo, kitu kinachotisha kikiandamana kila mara na kipande cha nyama, nacho kikiwa mbali kiasi kwamba kilebu bado anaweza kula, polepole hugeuka kuwa dalili ya jambo jema. Umbali ndio ufunguo. Kilebu akikataa chakula, kitu hicho kiko karibu mno, na yafaa kirudishwe nyuma.

Katika siku za kwanza apewe mahali pamoja tulivu pa kujificha, na asivutwe kutoka humo. Mlezi aketi chini, ubavu ukimwelekea, bila kumkazia macho, na amwache asogee mwenyewe. Wageni wasimguse. Watoto wasiachwe naye peke yao.

Kuhusu nguvu, kukimbia peke yake hakutoshi. Chakula kifichwe katika majani ili akitafute kwa pua, na mafunzo ya kuitika na kuketi yawe ya dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema. Kwa hiyo mwenye manyoya mazito afanyishwe mazoezi asubuhi na jioni, akiwa katika kamba au ndani ya ua uliofungwa.

Hatari ya Kichaa cha Mbwa

Mbwa mwoga akibanwa pembeni huuma. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa husababishwa na kuumwa na mbwa, na dalili zikisha kuonekana karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo kilebu aliyeokotwa apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema. Kwa kawaida chanjo hutolewa akiwa na miezi mitatu, ingawa Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba katika kampeni hata walio chini ya umri huo wachanjwe. Angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa huo hukosa njia ya kuenea.

Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyo hiyo ili apatiwe chanjo. Asingoje dalili.

Jaribio la Wanafunzi

Mwanafunzi mwenye mbwa wake aliyechanjwa, ambaye ni mwoga kwa wageni, aweza kulipima somo hili. Yasifanywe kwa mbwa asiyejulikana. Kila siku, saa ile ile, mtu mmoja aketi kimya, na bakuli la chakula liwekwe mbali. Upimwe kwa mita umbali mfupi kabisa kati ya mtu huyo na bakuli ambao mbwa bado anakubali kula. Baada ya siku 14 ichorwe grafu: siku katika mstari wa mlalo, umbali katika mstari wa wima.

Grafu hiyo haitashuka kwa mstari ulionyooka. Huenda radi ya usiku mmoja ikaurudisha umbali wa siku nne. Darasa lijadili sababu za kila kupanda na kushuka, na kwa nini mbwa mmoja hatoshi kuthibitisha kanuni. Naye mlezi atakayeitazama grafu hiyo ataona kwamba siku ya kurudi nyuma haikufuta zile zilizotangulia, na kwamba fimbo ingeliongeza umbali ule anaojitahidi kuupunguza.